Mhadhara wa Profesa wa Kujiteua Kuhusu "Thou"

Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati ya harusi, maharusi wetu, mabibi na mabwana, nanyi mliojibanza mlangoni kwa sababu mnazozijua wenyewe: asanteni kwa kunialika. Ni kweli sikualikwa. Lakini harusi isiyo na mhadhara ni ulafi mtupu.

Mada yangu ni neno la Kiingereza cha kale, "thou". Maana yake "wewe", mmoja, peke yako. Mkiwa wengi mliitwa "ye". Mpango huo ulikwenda vizuri mpaka karne ya 13 hivi, wakubwa walipoiga adabu za Kifaransa, na bwana mmoja akawa anasemeshwa kama umati. "Thou" ikaachiwa watoto, watumishi, wapenzi na mbwa.

Nani anacheka? Neno hili limeumiza watu! Mwaka 1603, kule Winchester, Sir Walter Raleigh alishtakiwa kwa uhaini. Mwanasheria Mkuu, Edward Coke, hakutosheka kumwita msaliti. Alimtamkia kinagaubaga kwamba yeye anamwita "thou". Jamani! Bwana mzima, mbele ya mahakama, anasemeshwa kama mtunza farasi! Shakespeare naye alizijua fitina hizi. Katika Twelfth Night, Sir Toby anamfunda mwenzake jinsi ya kuandika barua ya kuchokoza ugomvi: mpige "thou" mara tatu hivi, haitakuwa vibaya. Kisha akaja George Fox na wafuasi wake, wale Marafiki ambao leo wamejaa magharibi ya Kenya. Wao wakamwita kila mtu "thou", hakimu na mchuuzi sawasawa, na kofia hawavui. Walichovuna ni vipigo na jela.

Najua mnachowaza. Mmesikia Biblia ya King James ya 1611 ikimwita Mungu "thou", mkadhani ni heshima ya pekee. Poleni. Humo humo Shetani naye anaitwa hivyo hivyo. Watafsiri wale walihesabu vichwa, vyeo hawakuviangalia.

Sasa nirudi kwa huyu MC aliyeninong'oneza, "Wewe mzee, dakika zako zimekwisha." Wewe! Mimi! Nimemsamehe, hajasoma. Ila kuanzia sasa, mwenye swali ataniita "ninyi". Kimwili niko mmoja. Kielimu tumejaa ukumbi mzima.

Naam, mama mwenye upawa, uliza. Paza sauti. "Ninyi mtakula?" Mmesikia jamani? Mwanafunzi bora kabisa! Ndiyo, mama, tutakula, tena tutashukuru sana.

Unasemaje? Imebaki sahani moja, na ninyi mko wengi? Ngoja, mama, usiifunike. Mama! Kwenye pilau mimi ni "thou".