Posho ya Ngurumo

Kijiji cha wanyama kilichoko Ilula, juu ya mlima wa Kitonga, kilinunua pikapu ya dizeli iliyokwishatumika, yenye turbo, ya kupelekea nyanya sokoni. Udereva akapewa Fisi, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuja kwenye usaili amevaa miwani ya jua.

Fisi alikuwa na utaratibu wake. Saa kumi na moja alfajiri, katika baridi ile ya Julai wanayoijua watu wa Iringa, aliwasha gari na papo hapo akakanyaga mafuta hadi mwisho, gia ikiwa huru. Vuuum! Vuuum! Mabati ya ofisi ya kijiji yakatetemeka. Jogoo aliandika barua kulalamika kwamba amepokonywa kazi; hakujibiwa. Wengine walifurahi. Kwao kijiji kinachonguruma ndicho kinachoendelea, na Mwenyekiti Nyati, ambaye hajawahi hata kuchungulia chini ya boneti, akamwidhinishia Fisi posho ya ngurumo. Posho ikaupita mshahara, ngurumo nazo zikaongezeka. Jioni, akishapandisha Kitonga na kufika kijijini, alipiga resi moja ndefu ya kuwasalimu wanakijiji, kisha akachomoa ufunguo.

Mwaka haukuisha gari likaanza kutoa moshi wa buluu na kupiga mluzi. Fisi akasema ni uchawi wa kijiji jirani. Baraza likamwita fundi Panya Buku, aliyekuwa amekitafuna kitabu chote cha maelekezo ya gari, na kwa hiyo ndiye mnyama pekee aliyekipitia ukurasa kwa ukurasa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema Panya, "oili ikilala kwenye baridi huwa nzito. Injini ikiwaka, oili inachukua muda kupanda hadi kwenye valvu na kwenye turbo, na muda huohuo ndio ndugu yetu anaoutumia kupiga resi. Pistoni inatanuka upesi kuliko silinda, chuma kinasaga chuma. Jioni nako, turbo limechemka, linazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, limeelea juu ya utando mwembamba wa oili. Ukizima ghafla, pampu ya oili inasimama, lenyewe bado linazunguka. Oili iliyobaki mle inaungua na kuganda kama ukoko wa wali."

"Kwa hiyo resi ni mbaya?" aliuliza Nyati.

"Ndiyo, kama injini ni ya baridi na haina mzigo. Ila ikishapata moto..."

Wajumbe walikuwa wameshaandika "ndiyo" na kuanza kutafuta viatu vyao.

Turbo jipya lilimeza fedha za nyanya za msimu mzima. Fisi akaondolewa, akawekwa Mzee Kobe, na sheria ndogo ikapitishwa: mshale wa mizunguko usivuke 1,500. Kobe aliitii kwa moyo wote. Alilitoa gari ofisini hadi dukani, akalirudisha. Kitonga hakushuka tena, akihofia kupanda. Nyanya akabebeshwa Punda, ambaye hakuulizwa.

Taa ya rangi ya machungwa ikawaka kwenye dashibodi. Kobe akabandika juu yake picha ya Mwenyekiti. Lilikuwa wazo la akili kweli, maana baada ya hapo hakuna aliyethubutu kuibandua. Gari likapungua nguvu, wakasema limetulia. Na kwenye mkutano mkuu Kobe akajisifu: "Enzi za mwenzangu oili ilikuwa inapungua. Kwangu mimi inaongezeka yenyewe!" Vigelegele vikapigwa.

Panya akaenda kuvuta kijiti cha kupimia oili. Kweli, ilikuwa imepita alama ya juu. Akagusa tone kwa kidole, likateleza kama maji, akalinusa. Dizeli tupu. Gari lilikuwa likinyunyiza dizeli ya ziada ili lichome masizi yaliyojaa kwenye chujio la ekzosi, lakini kila likianza, Kobe ameshafika dukani na kuzima, na ile dizeli isiyoungua inachuruzika hadi kwenye oili.

Panya hakuomba kikao. Alibadilisha oili, akaliwasha gari, akaondoka taratibu mpaka likapata moto, akateremka Ruaha Mbuyuni. Huko alipakia vitunguu mpaka springi zikalala. Kisha akaipanda Kitonga kwa gia ndogo, mshale ukicheza kwenye 3,000, mguu haubanduki, kona baada ya kona. Kwenye chujio joto lilikuwa linaelekea nyuzi 600, masizi yanaungua. Alipofika juu gari lilikuwa linavuta kama lilivyonunuliwa. Akaliacha lingurume polepole dakika chache huku akimenya kitunguu, ndipo akazima. Wanyama hawakupendezwa, hawakuona la maana alilofanya.

Walipoinua picha ya Mwenyekiti, taa ilikuwa imezimika.

"Si niliwaambia?" alipaza sauti Fisi. "Gari linataka resi!" Kobe naye akasema limepona kwa sababu alilipumzisha. Kufikia jioni kijiji kilikuwa na vyama viwili, Ngurumo na Polepole, kila kimoja na bendera yake, na wajumbe wakamtaka Panya atamke yuko upande gani.

Panya akasema anaomba fedha za oili na chujio lake, kwa ajili ya matengenezo yajayo.

Ombi likapelekwa kamati ya fedha. Kamati ikakaa siku mbili, ikala posho, ikaidhinisha kiasi chote kilichoombwa. Ikanunuliwa honi.