Kikaushio cha Hewa na Jiwe la Tabaka

Spektromita ya infraredi ni mashine yenye makuu: haivumilii mvuke wa maji. Mvuke hufyonza miali kati ya mawimbi 3,500 na 3,900 kwa sentimita, na alama ya madini ya talki iko karibu na 3,677, katikati ya zogo hilo. Anayetaka kujua kama jiwe la sabuni la Tabaka, huko Kisii, ambalo mafundi hulisugua kwa msasa likiwa limelowa chepechepe, ni talki tupu au lina madini mengine, aanze kwa kukausha hewa ya kompresa inayopulizwa ndani ya mashine. Mvua za Kisii hazitamsaidia.

Vikaushio vinavyoshindaniwa ni viwili. Cha kupoza ni rahisi, kwa hiyo kamati ya ununuzi hukipenda kabla ya kuuliza kinafanya nini. Nukta yake ya umande, yaani joto ambalo mvuke huanza kugeuka maji, huishia kwenye nyuzi 3 hivi za Selsiasi: hewa nzuri kabisa, kwa kupulizia magari rangi. Cha chembe za kufyonza huweza kuishusha hadi nyuzi 70 chini ya sifuri, na vile vya maabara huondoa pia kaboni dioksaidi, ambayo hupiga kelele zake karibu na 2,350. Sehemu ya hewa yake huliwa na kazi ya kukausha chembe upya. Gharama hiyo zabuni huisahau kwa adabu.

Kichujio cha mafuta hutangulia vyote. Kikikosekana, mafuta ya kompresa hujitokeza karibu na 2,900, na ripoti hutangaza kwamba jiwe la Kisii lina mafuta.