Barua ya Wazi kwa Mkutubi Mkuu wa Bunge la Marekani

YAH: OMBI LA KUHIFADHI NYIMBO ZA MALALAMIKO ZA WAFANYAKAZI WA DETROIT

Mheshimiwa Mkutubi Mkuu,

Mimi si raia wa Marekani, wala si msomi wa kuitwa kwenye vikao vya ofisi yako tukufu. Ni mwandishi wa Kiswahili, mpenzi wa santuri za zamani, na haja niliyonayo haina mlango mwingine wa kubishwa ila wako.

Niruhusu kwanza nishukuru, maana si uungwana kutanguliza ombi. Kwa sheria ya mwaka 2000, ofisi yako ndiyo inayochagua, kwa ushauri wa bodi, rekodi za sauti zisizozidi 25 kila mwaka za kuhifadhiwa kwa niaba ya taifa zima. Katika sajili hiyo imo “Boogie Chillen'” ya John Lee Hooker ya mwaka 1948, inayoutaja Mtaa wa Hastings wa Detroit, mtaa wa watu weusi waliohama mashamba ya kusini kufuata kazi za viwanda vya magari. Yamo pia mahubiri ya Mchungaji C. L. Franklin ya mwaka 1953, “The Eagle Stirreth Her Nest”. Kanisa lake la New Bethel lilikuwa kwenye mtaa huohuo. Kwa hayo mawili, Mheshimiwa, umetuhifadhia ngoma ya Detroit na sala yake, nami nakushukuru kwa moyo mkunjufu.

Ninachokuomba sasa ni lalamiko lake.

Nafahamu kwamba “What's Going On” ya Marvin Gaye imo, na inastahili. Lakini ile ni kazi ya nyota wa kampuni kubwa, ya mwaka 1971, na dunia inaisikia bila kusaidiwa na mtu. Ninaowasemea ni watu walioimba huku mikono yao ingali na grisi ya kiwandani. Bobo Jenkins, mzaliwa wa Forkland, Alabama, alikuwa mtu wa viwanda vya magari. Mwaka 1954 akatoa “Democrat Blues”, wimbo wa hofu ya wanyonge baada ya chama cha Democrat kutoka madarakani na Eisenhower kuingia. Nakuomba kwa unyenyekevu ufikirie ulikuwa mwaka gani. Seneta McCarthy, yule msaka wakomunisti, alikuwa bado anatisha watu, na miaka miwili tu nyuma kamati ya Bunge hilohilo unalolitumikia ilikuwa imekwenda Detroit kuwahoji wanaharakati wa viwandani. Mfanyakazi mweusi kuimba siasa waziwazi kwenye santuri ya kuuzwa madukani halikuwa jambo dogo.

Yupo pia One-String Sam. Mwaka 1956 aliingia kwenye duka la santuri la Joe Von Battle na ala aliyojiundia, ubao wenye waya mmoja. Juu ya waya ule anatelezesha kichupa cha chakula cha mtoto, nao unalia kama mtu. Wimbo wenyewe, “I Need a Hundred Dollars”, ni maneno kuhusu dola 100 zinazotafutwa za kumtoa mtu kizuizini. Hakuna kauli ya kisiasa humo. Kwangu mimi bado ni hati ya mashtaka, kwa sababu inaonyesha uhuru wa maskini una bei gani.

Na wa tatu, ambaye ningekusihi umsikilize kuliko unavyoisoma barua hii, ni Joe L. Carter, mwenye “Please Mr. Foreman”. Anamwomba nyapara wake, kwa adabu kamili, apunguze kasi ya mstari wa kuunganisha magari kabla haujamuua. Wafanyakazi weusi wa Detroit walipogoma na kuunda vyama vyao kuanzia 1968, wimbo ule ulikuwa wao. Umo katika filamu yao, “Finally Got the News”, ya mwaka 1970, na kitabu maarufu cha historia ya harakati hizo, kilichotoka 1975, kilichota jina lake humo. Sijui namna ya upole zaidi ya kudai usiuawe.

Tafadhali niruhusu niseme kidogo kuhusu huyo Von Battle, kwa kuwa bila yeye tungekuwa na hewa tupu. Alifungua duka lake la santuri Mtaa wa Hastings mwaka 1945, akawa anarekodi humohumo dukani. Mahubiri ya Franklin aliyanasa yeye, na Aretha, binti wa mchungaji, alimrekodi akiwa na miaka 14. Baadaye mtaa ulibomolewa kupisha barabara kuu iliyopewa jina la Chrysler, naye akahamia Mtaa wa 12. Hapo ndipo ghasia za Julai 1967, zilizoua watu 43, zilipoanzia. Binti yake, ambaye ni mwandishi, ameeleza walichokikuta waliporudi dukani: santuri zilizoyeyuka kwa moto na mikanda iliyolowa maji ya zimamoto.

Kwa hiyo kilichobaki ni kidogo, tena kinakufa. Diski za majaribio za enzi zile zilikuwa bamba la alumini lililopakwa lakiri iliyolainishwa kwa mafuta ya nyonyo. Miaka ikipita mafuta yale hujitenga na kutoka juu kama unga mweupe, lakiri inasinyaa, inapasuka, inabanduka magamba. Gamba likishaanguka, neno lililochongwa hapo limekwenda.

Sheria nayo, niwie radhi kulisema, haiharakishi mambo. Santuri ya 1954 inalindwa na hakimiliki hadi mwisho wa 2064. Anayetaka kuitoa upya hujikuta akiomba ruhusa kwa kampuni ambazo hazioni faida ndani yake.

Ndiyo maana nakuangukia wewe. Wimbo ukiingia kwenye sajili, maktaba yako hutafuta nakala iliyo bora kuliko zote na kuiweka salama. Naomba, kwa hisani yako, “Please Mr. Foreman” upewe nafasi moja kati ya hizo 25 zijazo, na “Democrat Blues” na “I Need a Hundred Dollars” zifuate. Naomba pia, kama si kuvuka mpaka, mafundi wa kituo chako cha kuhifadhi sauti cha Culpeper watumwe Detroit kuzungumza na familia na wakusanyaji wenye diski za Mtaa wa Hastings, wazinakili hapohapo na kuwaachia wenyewe mali yao.

Nikiwa nimekosea adabu popote, naomba msamaha wako. Nasubiri jibu kwa subira na heshima.

Wako mtiifu,
Mpenzi wa santuri