Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mpachika Majina

Mheshimiwa Mpachika Majina,
Popote ulipo,
Tanzania.

YAH: ASILIMIA 16 YA TWIGA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii imebaki wazi kwa sababu juu ya bahasha nimekosa cha kuandika. Vibao vyako vimejaa nchi nzima, ila mlango wako hauna hata kimoja. Kila ninayemuuliza ananijibu kwamba majina yanatoka juu. Nimetazama juu, nimeona nguzo ya umeme na kunguru.

Mimi ni mtu wa Kakola, upande huu wa uzio wa mgodi wa Bulyanhulu. Kazi uliyoifanya upande wa pili naijua vizuri. Wachimbaji wadogo walipoondolewa mwaka 1996, mgodi ulikuwa wa Kahama Mining, yaani KMCL, mtoto wa Sutton Resources ya Canada. Mwaka 1999 Barrick wakamnunua mama pamoja na mtoto. Mwaka 2010 tukaambiwa sasa ni African Barrick Gold, ABG, na hisa zake zinauzwa London. Novemba 2014 tukalala ABG, tukaamka Acacia.

Juni 2017 mambo yakanoga. Makontena 277 ya mchanga wa madini yalikuwa yamezuiwa Dar es Salaam, nchi nzima imejifunza kusema makinikia (huku tulikuwa tukisema mchanga, basi), na kamati ya Profesa Nehemiah Osoro ikamsomea Rais Magufuli ripoti iliyosema Acacia Mining haikusajiliwa nchini. Mheshimiwa, vumbi lake tulikuwa tumelila miaka. Kumbe tulikuwa tukipungia mikono magari ya mtu ambaye, kwa mujibu wa ripoti, hayupo.

Mwaka 2019 Barrick wakazikusanya hisa zote za Acacia, wakapatana na serikali, akazaliwa Twiga. Twiga Minerals. Sasa Acacia ni mgunga, na twiga chakula chake ni mgunga. Ama siku hiyo uliamka na akili nyingi, ama ulikuwa likizo na mambo yakajipa yenyewe. Mei 2025 hata Barrick wenyewe wakaliacha neno Gold, wakawa Barrick Mining. Katika historia yote hii, ambaye sijawahi kumsikia akilalamika ni fundi wa kuandika vibao.

Kwenye Twiga ndipo ninapoomba msaada wako. Barrick wana asilimia 84, serikali ina 16. Mzee mmoja muuza nyama hapa Kakola, mtu wa mizani, aliniuliza asilimia 16 ya twiga ni sehemu gani. Nikasema labda mguu mmoja. Akakataa, mguu mmoja wa twiga peke yake hausimami. Shingo? Akacheka. Shingo ndiyo inayofika kwenye majani, nani akupe shingo? Akapiga hesabu kisu kikiwa mkononi, nzi wakimsubiri, akasema hiyo itakuwa mkia, ngozi na utumbo, na utumbo mpaka uoshwe. Nikamweleza kwamba yapo pia makubaliano ya kugawana manufaa nusu kwa nusu. Akaniuliza kama hiyo nusu inapimwa kabla ya kutoa mifupa au baada. Nimemwahidi jibu lako kwa maandishi.

Nawe hukuishia kwa Twiga. Nikeli ya Kabanga kule Ngara umempa Tembo. Grafiti ya Mahenge umempa Faru, ya Chilalo kule Lindi umempa Kudu. Mchanga mzito wa pwani ni wa Nyati, na madini adimu ya Ngualla, Songwe, anayalalia Mamba. Wote hao serikali inawashika asilimia zile zile 16. Sina ugomvi na wanyama, lakini Wizara ya Madini sasa inatosha kutoza kiingilio langoni na kukodisha darubini.

Madhali kalamu ninayo, acha nikupe na ya barabarani. Isaka, si mbali na Kahama, tuna bandari. Imeandikwa bandari, inaitwa bandari, na tangu nizaliwe sijaona hata mtumbwi. Wanasema ni bandari kavu, na kwa ukavu hawajatudanganya. Halafu kwenye vitabu vya bajeti ya barabara kuna mahali panaitwa Bulyanhulu Jct. Makonda huku husema njia panda, wakashusha watu, maisha yakaendelea. Lakini nimeshamsikia mgeni, mwenye tai, akiuliza kwa upole nauli ya Bulyanhulu Jikiti.

Maji ndiyo usiseme. Yanavutwa Ihelele, Ziwa Victoria, na KASHWASA inayaleta Shinyanga na Kahama. Mjini Shinyanga yanapokelewa na SHUWASA, Kahama na KUWASA. Kigoma nako kuna KUWASA. Geita ni GEUWASA, Mwanza ni MWAUWASA, vijijini ni RUWASA. Moshi ni MUWSA na Musoma ni MUWASA, kwa hiyo ukiteleza A moja tu umeshapeleka bili yako Mara. Mwanangu akiyakariri yote kwa mkupuo, wageni humpigia makofi wakidhani ni wimbo wa shule.

Hayo mtu anaweza kuyacheka. Nyarugusu sichezi nayo. Nyarugusu ya Geita ina dhahabu, maduara na makarasha yanayosaga mawe mchana kutwa. Nyarugusu ya Kasulu, mkoani Kigoma, ni kambi ya wakimbizi, wengi kutoka Kongo na Burundi, na imekuwepo tangu 1996. Kijana wa Dar anayekuja kutafuta maisha, akidandia basi bila kuuliza vizuri, atashuka na chepe lake mbele ya watu ambao dunia imeshawachimba vya kutosha. Bugarama nazo ziko jirani na mgodi wetu, ziko Ngara, ziko Burundi na Rwanda. Hivi majina ulipewa kwa mgao?

Na kifupisho kifupi kuliko vyote kina herufi moja. X. Huiandiki kwenye kibao, unaipaka ukutani kwa mtu. Sheria ya Barabara ya 2007 iliitanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kuanzia katikati, na tangu hapo watu wamejifunza kusoma rangi: X ya kijani kuna fidia, X nyekundu kaanze kufungasha. Kuna nyumba moja nimeipita mara nyingi, ya matofali ya kuchoma, bati limeshika kutu upande wa jikoni. X nyekundu imekaa kati ya mlango na dirisha, imechuruzika rangi mpaka kwenye kizingiti. Chini yake mwenye nyumba, kwa mkaa na kwa mkono wake, ameandika: NYUMBA HII HAIUZWI. Na mimi najiuliza aliyekuwa akitaka kuinunua ni nani. Mke wake ameanika udaga pale pale mbele, akifagia anauzungukia ule mchirizi wa rangi.

Sasa ombi. Leseni mpya zitakuja, na wanyama wakubwa wanakuishia. Pundamilia bado yupo. Nyumbu yupo, anahama kila mwaka, mwekezaji atampenda. Kobe mpe anayeshughulikia fidia. Ila fisi, Mheshimiwa, usimguse. Huku kwetu Shinyanga fisi ana wenyewe, wanampanda usiku, hati ya umiliki hawakuonyeshi, na hiyo 16 hawatakupa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msafiri wa Kakola

Nakala: Nyarugusu (zote mbili).