Namna ya Kuwapanga Bakteria kwa Koo Zao

Anza kwa kuwatoa wasiohusika. Malaria huletwa na kimelea, mafua huletwa na virusi. Hao si bakteria, na amoksilini haitawagusa hata ukimeza pakiti nzima.

Waliobaki usiwaulize majina. Watie rangi. Hans Christian Gram, daktari wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alitupa njia hiyo mwaka 1884, na maabara bado zinaitumia. Paka sampuli kwenye slaidi, ikaushe, ipitishe juu ya moto, imwagie zambarau, kisha iodini, kisha spiriti, umalizie na nyekundu. Wenye ukuta mnene hung'ang'ania zambarau: ndio Gramu chanya. Wenye ukuta mwembamba uliofunikwa na utando wa nje huiachia, wakabaki waridi: Gramu hasi.

Kwenye zambarau tazama maumbo. Viduara vilivyorundikana vichala vichala ni stafilokoki, wenye majipu. Vilivyojipanga mnyororo ni streptokoki; hawa wachunge sana, maana koo la mtoto lisipotibiwa huweza kumletea homa inayoharibu vali za moyo. Fimbo ya pepopunda nayo imo humu, na mbegu zake hukaa udongoni miaka na miaka.

Kwenye waridi utakuta kipindupindu aliyepinda kama mkato, taifodi, na kisonono anayetembea wawili wawili pamoja na nduguye wa uti wa mgongo.

Kisha yupo mkaidi: kifua kikuu, ambaye Robert Koch alimtangaza tarehe 24 Machi 1882. Ganda lake limejaa nta, rangi ya Gram haimwingii sawasawa. Mpashe moto ndani ya rangi nyekundu, umwoshe kwa asidi. Wenzake wote watapauka, yeye na jamaa yake wa ukoma watabaki wekundu. Hujigawa takribani mara moja kwa siku, ndiyo maana dawa zake kwa kawaida huchukua miezi sita, wala si wiki ile unayoanza kujisikia nafuu.

Wa mwisho ni mikoplazma, wa nimonia. Hana ukuta kabisa. Penisilini huua kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta. Kwake haina la kufanya.

Kwa hiyo, peleka sampuli kabla ya kidonge cha kwanza. Ukiambiwa ulete makohozi, yatoe kifuani asubuhi. Mate ya mdomoni hayatamsaidia mtu wa maabara.