Kasiksi Alipoacha Pombe

Jina la roboti wangu walilitoa majirani wa Kadutu, Bukavu. Mimi nilikuwa nimemwandalia jina zito la kisayansi, lakini siku ya kwanza alipotoka uani alikwenda upande, akabusu ukuta, akarudi nyuma, akaubusu tena. Watoto wakapiga kelele: "Amekunywa kasiksi!" Basi pombe ya ndizi ikawa ubatizo wake.

Nilimuunda ili abebe maji. Bukavu ni mji wa vilima: bomba liko chini, nyumba iko juu, na bidoni ya lita 20 ni kilo 20 za kukusaga shingo. Nikakusanya mota mbili za waipa kutoka kwenye gari lililokufa, magurudumu ya toroli na betri ya pikipiki. Kuunganisha kila mota na shafti ya gurudumu lake nilitumia kipande cha bomba, skrubu mbili na kauchu katikati.

Kinshasa waliwekwa roboti wa kuongoza magari mwaka 2013, kazi ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake. Nawaonea wivu. Wale walisimama njiapanda, wakageuza kifua na kuinua mikono. Hakuna aliyewatuma kupanda kilima na bidoni.

Kasiksi alipopanda, kiungo cha kushoto kililika. Mafundi husema shafti "inacheza", na yangu ilicheza kwelikweli. Rumba ya Kongo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2021; hii ya kwangu haikutambuliwa na yeyote. Nilibadilisha kauchu kwa mpira wa ndani wa pikipiki: ukadumu siku mbili. Nikakaza skrubu mpaka kichwa chake kikawa laini kama kipara cha askofu. Nikamwaga supaglu: vidole vyangu vilishikana vizuri sana, shafti haikushikana na chochote.

Mwishowe nikatumia akili. Kama gurudumu la kushoto linachelewa, kwa nini nisilicheleweshe la kulia? Nikaandika hivyo kwenye programu yake. Kasiksi akatembea polepole, lakini alinyooka, nami nikajiita mhandisi.

Kwa mota zile mbili zilizojikokota, safari moja ya bomba ikala asubuhi nzima. Nikampeleka kwa muzee mmoja anayeziba matairi na kutengeneza kila kitu kinachozunguka. Akafumba jicho moja, akanyoosha uzi kutoka mota hadi gurudumu.

"Mutoto wangu, kauchu haina kosa. Hizi vyuma mbili haziangaliane."

Kweli, mota ilikuwa imekaa chini kidogo ya shafti. Kila mzunguko vyuma vilivutana kama ndugu kwenye urithi, na kauchu, msuluhishi wa katikati, ndiye aliyekuwa akiraruliwa. Muzee akaweka rondela mbili chini ya mguu wa mota. Akapiga tupa upande mmoja wa shafti ukawa bapa, skrubu mpya ikapata mahali pa kuuma. Akakata kauchu nene kutoka tairi la gari. Dakika 20, na bei ya chupa moja ya bia ya Primus.

Nilirudi kwa mbwembwe. Nikaita mtaa mzima, nikawasha. Kasiksi akaondoka kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona, akakata kulia, akaingia moja kwa moja kwenye beseni la samaki wadogo, sambaza, la mama mmoja jirani.

Programu! Kiungo kilikuwa kimepona, lakini bado nilikuwa ninalikaba gurudumu la kulia kwa ajili ya ugonjwa wa la kushoto. Ndivyo tulivyo. Tumezoea umeme kuja saa sita za usiku. Siku ukija mchana, nyumba nzima inasinzia pasi ikiunguza shati.

Nikainama kuokota sambaza mmojammoja, nikiomba radhi. Mama akamtazama Kasiksi, akanitazama mimi.

"Papa, murudishie pombe yake. Alipokuwa mulevi, tulijua anaangukia wapi."