PS au PC, mlipaji ni mjomba

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita, na tangu hapo nyumba haina amani. Anataka kompyuta ya kuchezea gemu. PS, eti, ni ya watoto. "Mjomba, PC ni rahisi ukipiga hesabu ya muda mrefu." Hawa watu wa muda mrefu nawafahamu. Sijaona hata mmoja ambaye hela inatoka mfukoni mwake.

Haya, tupige. PS5 ilipotoka mwaka 2020 huko Marekani iliuzwa dola 499: pedi imo, waya umo, unachomeka kwenye TV ya sebuleni, mpira unaanza. Kadi ya grafiki anayoiota yeye, RTX 4090, ilitoka mwaka 2022 kwa dola 1,599. Kadi tu! Skrini hamna, kibodi hamna, hata kasha la kuisitiri hamna. Na ikichangamka inakula wati 450 peke yake. Nikauliza LUKU atanunua nani. Akajibu kwamba hiyo ni "gharama ya uendeshaji".

Tusimwonee, ana hoja. Kwenye kompyuta hulipi ada ya kucheza na wenzako mtandaoni. Kwenye PS, tangu ile ya nne, gemu nyingi za kununua zinadai PS Plus, juu ya bando ulilokwisha kulipia. Ni kununua gari, halafu ukalipishwa kupiga honi. Kwenye duka la Steam nako gemu hushushwa bei mpaka huruma. Tena kompyuta hiyohiyo, anasema, ataisomea. (Hapo nilikohoa.) Na PS5 Pro ya 2024 ilikuja kwa dola 699 bila sehemu ya kuingizia CD! Sisi ambao CD moja inazunguka mtaa mzima tuende wapi?

Lakini huyu bingwa wa grafiki ikifika jioni humkuti nyumbani. Yuko kibandani nyuma ya soko, kwenye benchi, analipia mechi moja moja, ukifungwa unapisha. TV ina ufa, pedi imezungushiwa selotepu, kitufe cha shuti unakibonyeza kwa imani. Anarudi usiku sauti imemkauka, anacheka peke yake.

"Sasa si uendelee na palepale?" nikamwambia.

Akanitazama kama mgonjwa. "Pale nakwenda kujifua tu, mjomba. Halafu, samahani, una mia tano?"